Ngozi Tatu Kutoka Nje

Siku ambayo Mzee Pamba aliacha kuonekana ilikuwa Jumanne, tarehe nne. Aliingia kazini saa moja na nusu asubuhi, kama alivyoingia kwa miaka thelathini na minane, akavaa koti lake la buluu, akachuna ndege wawili waliokufa kwa kugonga vioo vya jengo. Mmoja akamjaza pamba, ile iliyompa jina lake la utani, na kumshona. Mchana alikula chakula alichofungiwa na binti yake. Jioni hakurudi nyumbani. Jumatano asubuhi stuli yake katika chumba cha kuchunia ilikuwa tupu. Ndege wa pili alikuwa mezani, tumbo wazi, sindano inaning'inia kwenye uzi, na kando yake kulikuwa na miwani ya kusomea.

Inspekta aliikuta miwani hiyo bado pale wiki moja baadaye. Aliiinua kwa ncha ya kalamu, akatazama vioo vyake vinene kama vitako vya chupa, kisha akaandika kwenye daftari lake: Mtu anayetoroka hasahau macho yake.

Jalada alilokabidhiwa asubuhi hiyo, Jumatano ya tarehe kumi na mbili, lilisema vingine. Lilisema kwamba fundi wa ngozi wa Makumbusho ya Taifa ya Viumbe ametoroka na mali ya umma, yaani ngozi tatu za ndege wa kinamasi. Aliyetoa taarifa alikuwa mkuu wa idara ya ndege, ambaye kila mtu humo ndani alimwita Daktari. Taarifa ilipigwa chapa safi, haikuwa na kosa hata moja, na kila mstari ulimhukumu mzee wa watu kabla hajaulizwa.

Ngozi hizo tatu hazikuwa pambo. Ndege ambao Mzee Pamba mwenyewe aliwakamata miaka thelathini iliyopita, kwenye matete ya kinamasi kilicho nje kidogo ya mji, walikuwa ushahidi pekee kwamba ndege wa aina hiyo anaishi pale na si kwingine. Sasa kampuni moja ilitaka kukikausha kinamasi ijenge maghala. Wakazi wa kando yake walikwenda mahakamani, na mahakama ikaiambia Makumbusho ilete hao ndege. Jumatatu ya tarehe kumi mawakili wa wakazi walifika na mtaalamu wao. Droo ikavutwa. Lebo za zamani zilikuwepo, zimefungwa miguuni kama inavyotakiwa, ila ndege wenyewe walikuwa wale wa kawaida wanaorukaruka kwenye ua wa kila nyumba. Ndipo Daktari akatikisa kichwa na kusema sasa anaelewa kwa nini mzee haonekani.

Inspekta alishuka kwenye ukumbi mkubwa. Binti wa Mzee Pamba alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya mifupa ya nyangumi, mkoba magotini, futi yake ya ushonaji bado shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na tangu tarehe tano alikuwa akifika kila siku na kukaa hapo mpaka ukumbi unafungwa. Inspekta alikaa kando yake, akamuuliza yale ya kawaida: kama baba alikuwa na ugomvi na mtu, kama alikuwa mgonjwa, kama aliwahi kulala nje. Majibu yote yalikuwa hapana, na kila hapana ilitoka kavu kuliko iliyotangulia.

"Dada, nikuulize na mimi," binti akasema mwishowe. "Unaiona ile picha?"

Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya rangi ya kahawia. Wageni wanne wenye kofia walisimama mbele ya jengo hili likiwa jipya, na chini yao yameandikwa majina yao yote manne, na vyeo. Nyuma yao walisimama watu kumi na mmoja wamebeba masanduku vichwani. Chini yao hapakuandikwa kitu.

"Wa tatu kutoka kushoto ni babu yangu. Ndege wote wa chumba cha kwanza aliwakamata yeye, na kila lebo inasema kakamata mzungu. Wenye kofia walipoondoka, wakaondoka na ndege bora. Baba alipoajiriwa alianza kuandika jina la aliyekamata, hata kama ni mchunga mbuzi. Wakubwa walimcheka. Wakamwita karani wa wafu." Aliinyoosha futi shingoni kwa mikono miwili, akaishikilia. "Leo ndiyo wananiambia kawaiba ndege aliowaandika jina lake mwenyewe. Mimi sikuja hapa kulia. Nataka mtu anionyeshe baba yangu, na nataka anayemwita mwizi aniambie hilo nikiwa nimesimama mbele yake."

Inspekta hakumpa ahadi. Alimwambia asiondoke kwenye benchi.

Mlinzi wa lango alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kupenda kuitwa Mkuu. Alilitoa daftari la lango kabla hajaombwa, akaonyesha kwa kidole: Jumanne, tarehe nne, Mzee Pamba kaingia saa moja na nusu, katoka saa kumi na moja jioni. Mambo mepesi hayo, akasema, polisi hawana haja ya kuchosha miguu. Tena mzee alionekana stendi na begi kubwa.

Inspekta aliuliza nani alimwona. Mlinzi akasema watu. Inspekta akauliza watu gani. Mlinzi akajikuna shingo, akasema aliyemwambia ni Daktari.

Inspekta tayari alikuwa akifunua kurasa za nyuma. Kuingia kuliandikwa kwa miandiko tofauti, mingine imelala, mingine imesimama, kila mtu na mkono wake. Kutoka kuliandikwa kwa mwandiko mmoja tu, siku zote, watu wote, saa kumi na moja.

"Afande, usinione mjinga," mlinzi akasema kwa sauti ya chini. "Jioni wote wanatoka mbio. Nani atasimama kuandika? Namalizia mwenyewe."

"Kwa hiyo hukumwona akitoka."

"Nilimwandikia tu."

"Umemwandikia mtu kutoka mahali ambapo hujamwona akitoka. Binti yake amekaa hapo ndani siku nane akisomewa daftari hili." Inspekta alilifunga daftari, akaliweka kwapani. "Hili nalichukua. Na ukome kucheka unapozungumza nami."

Ucheshi ulimwisha. Ili kujinasua, mlinzi alianza kumwaga kila alichojua. Alisema hata doria hawazungukii tena jengo la nyuma. Mwishoni mwa mwezi uliopita Daktari alikuja mwenyewe, akawaambia dawa ya zamani inavuja huko, mtu asisogee. Nao wakashukuru, maana huko nyuma hakuna hata taa.

Inspekta aliliandika hilo bila kuinua macho.

Chumba cha ndege kilikuwa ghorofa ya pili, kirefu kama bohari, makabati ya chuma pande zote mbili, hewa inanuka nafthalini, dawa ya kufukuza wadudu. Ndoo sita za plastiki zilikuwa zimetegwa sakafuni chini ya madoa ya paa. Daktari alikuwa mwembamba, nadhifu, kucha zake zimekatwa fupi. Alimwita Inspekta mama, akamvutia kiti, akamwambia angetamani taasisi kama hii isichafuliwe na mambo ya kituo cha polisi. Inspekta akamwambia imeshachafuliwa, sasa inafuliwa.

Alimwomba aandike maelezo yake upya, kwa mkono. Daktari akasema yamekwishapigwa chapa. Inspekta akamsogezea karatasi, akangoja. Daktari aliandika nusu ukurasa kwa herufi ndefu zilizosimama wima kama vijiti, tarakimu saba imekatwa kiunoni, nne imeachwa wazi juu.

"Mzee alizibadilisha lini hizo ngozi?"

"Jumanne, kabla hajatoroka. Haiwezi kuwa baadaye. Jumatano asubuhi nilipoona hayupo, nilizichukua funguo za makabati yote. Toka hapo hakuna aliyefungua ila mimi."

"Una hakika?"

"Mama, naendesha idara, si duka la rejareja."

Akavuta droo ile, ili amfundishe. Ndege watatu walilala chali, mabawa yamebanwa, macho ni pamba nyeupe, kila mmoja na lebo mguuni. Inspekta alinyoosha mkono, na Daktari akaudaka hewani. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na joto la kweli. Mikono imeoshwa? Ametoka wapi? Ana sufu mwilini, ngozi, manyoya? Kuna mdudu, akaeleza, mdogo kuliko punje ya mtama, anayekula ngozi kavu. Akiingia mmoja na mayai yake, katika mwaka mmoja kabati zima linabaki vumbi na lebo. Humu mna ngozi elfu arobaini. Nyingine ni za ndege ambao hawapo tena popote, hawa waliomo ndani ndio ushahidi pekee kwamba waliwahi kuruka. Ndiyo maana kitu chochote kinachotoka nje lazima kigandishwe kwenye friji siku kumi na nne kamili kabla hakijavuka mlango huu.

"Chochote?"

"Hata Mkurugenzi akija na kofia ya manyoya, tunamgandisha kofia."

"Na hawa watatu wa bandia? Nao walitoka nje."

Daktari aliirudisha droo polepole. Akasema mwizi hana muda wa kugandisha. Alisema hivyo akiwa tayari amesimama.

Friji ilikuwa chini, kwenye korido ya chumba cha kuchunia, ndefu kama jeneza. Juu ya mfuniko palibandikwa kipande cha boksi chenye maandishi ya penseli: TREI ISIYOANDIKWA INACHOMWA. Msafishaji aliyekuwa akipiga deki pale alimwambia Inspekta kwamba hilo halikuwa tishio la mdomo. Mzee Pamba alishachoma trei tatu kwa macho yake, mojawapo ya Mkurugenzi mwenyewe, na Mkurugenzi akanywea. Daftari la friji lilining'inia kwa kamba kwenye msumari.

Inspekta alisoma akiwa amesimama. Mstari baada ya mstari, penseli, mwandiko mnene wa mviringo wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: nini, kutoka wapi, imeingia lini, imetoka lini. Kisha mstari mmoja wa wino. Ngozi tatu, kutoka nje. Imeingia tarehe 23. Imetoka tarehe 6.

Herufi zilisimama wima kama vijiti.

Alihesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena. Siku kumi na nne kamili. Na kando ya mstari huo, kwa penseli, kwa ule mwandiko mnene, kulikuwa na alama ya kuuliza na tarehe: 4.

Alimwita konstebo wake kutoka kwenye gari, akapanda ngazi bila kukimbia. Daktari alikuwa dirishani. Inspekta aliliweka daftari la friji kando ya maelezo aliyoyaandika mwenyewe muda mfupi uliopita, akayasukuma yote mawili mbele.

"Mzee alitoweka Jumanne. Ngozi hizi zilitoka kwenye friji Alhamisi. Funguo ulikuwa nazo wewe. Sasa nieleze, aliyetoroka alirudi kukupangia droo?"

Daktari akasema ngozi huingia nyingi humo, hizo zaweza kuwa za kitu kingine.

"Zitaje."

Daktari aligeukia dirisha.

"Usinifanye mtoto. Ungeweza kuzipitisha moja kwa moja, nani angejua? Lakini roho yako ilikataa kuingiza mdudu kwenye makabati yako. Na usingeziacha kwenye friji bila kuandika, kwa sababu mzee angezichoma. Ukaandika. Yeye akasoma, akaweka alama ya kuuliza, akaja kukuuliza."

"Nilimwambia aniachie," Daktari akasema.

"Za kweli ziko wapi?"

Tone la maji lilianguka kwenye ndoo.

Inspekta hakungoja. Alifikiri kwa sauti, neno kwa neno, akimtazama usoni. Mtu anayegandisha hata ndege wa bandia hawezi kuchoma ndege wa kweli. Nyumbani asingewaweka, kuna mazulia, kuna wadudu. Angetafuta mahali pakavu ndani ya uzio huuhuu, pasipopita hewa, pasipopita mtu. "Kwenye jengo la nyuma kuna nini, Daktari? Umewakataza walinzi kusogea tangu mwezi uliopita."

Daktari alikaa. Alisema ni chumba cha zamani cha kufukizia dawa, hakitumiki.

"Mlango wake?"

"Wa chuma. Una mpira pembeni."

"Unafunguka kutoka ndani?"

Alizitoa funguo mfukoni akaziweka mezani. Alizipanga sambamba na ukingo wa meza, na unadhifu huo ulimkera Inspekta.

Walivuka ua wakiwa wanne: Daktari mbele, konstebo amemshika mkono, Inspekta, na mlinzi wa lango aliyeamriwa kubeba tochi. Kufuli lilikuwa jipya. Gurudumu la chuma katikati ya mlango lilizungushwa mara tatu, mpira ukaachia ukuta kwa sauti kama ya mtu anayevuta pumzi. Mlinzi alimulika ndani, akageuka, akampa Inspekta tochi na kwenda kusimama kwenye majani.

Mzee Pamba alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Koti lake la buluu alikuwa amelivua, akalikunja vizuri na kulipakata magotini. Ndani ya koti walikuwemo ndege watatu wadogo, chali, mabawa yamebanwa. Lebo zao zilikuwa zimeng'olewa, lakini kwenye ukuta karibu na bega lake, kwa penseli, kwa mwandiko mnene uliopinda kwa kukosa miwani na mwanga, alikuwa ameandika upya kila kitu kwa kila ndege: siku, kinamasi, jina la aliyekamata. Aliandika mara tatu. Ya tatu haikumalizika.

Inspekta alitoka nje, akasimama mbele ya Daktari, karibu mno.

"Nilitaka kuzungumza naye asubuhi akiwa ametulia," Daktari akasema. "Nilimleta aone ndege wako salama, akaanza kupiga kelele. Nilifunga tu. Asubuhi nikafika mlangoni, nikagonga, hakujibu." Kisha maneno yakaanza kumtoka kwa wingi. Kampuni ya maghala imekubali kuijengea Makumbusho jengo jipya, lenye paa. Yeye ameiandikia serikali barua miaka kumi na tisa kuhusu lile paa. Ngozi tatu, kwa elfu arobaini. Kama si yeye nani angeziokoa?

"Hujibu nilichokuuliza."

"Hujaniuliza kitu."

"Sasa nakuuliza. Jumatano ulijua amekufa. Binti yake alikuja siku hiyohiyo, ukapita mbele ya benchi lake. Ndege wako wa bandia walibakiza siku moja kwenye friji. Kwa nini hukuwatoa siku ileile ukamaliza uovu wako? Kwa nini ulingoja mpaka Alhamisi?"

Daktari alimtazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyeulizwa jambo rahisi.

"Siku kumi na nne hazikuwa zimetimia. Wadudu wangeingia."

Konstebo alitukana, tusi la waziwazi, mbele ya mkubwa wake. Inspekta hakumkanya. Aliichukua pingu kutoka kiunoni mwa kijana wa watu na kumfunga Daktari yeye mwenyewe, akaikaza mpaka ilipogota, kisha akamwambia akae chini, palepale kwenye majani, kwani mzee aliketi pabaya kuliko hapo.

Ilipofika saa tisa wapiga picha wa polisi walikuwa wamemaliza ukuta. Waliupiga picha mstari kwa mstari, wakaweka rula kando. Ndege watatu walilazwa kwenye sanduku la vielelezo, na Inspekta alikataa lifungwe mpaka mtaalamu wa mawakili aje awatazame kwa macho yake. Mtaalamu alikuja, akawageuza kwa koleo, akavua kofia. Alisema ndio wenyewe. Alisema Jumatatu mahakama itawapokea pamoja na picha za ukuta, na kwamba katika kazi yake hajawahi kuona lebo ya namna ile.

Binti alikuwa bado kwenye benchi. Alimwona Inspekta akija kutoka mlango wa nyuma, akasimama kabla hajaitwa. Inspekta alimweleza yote kwa mpangilio, bila kupunguza, kwa kuwa ndivyo alivyotaka kuambiwa. Alimweleza mahali, mlango, koti, ndege, maandishi. Binti alisikiliza akiangalia midomo yake.

"Alikuwa nao mkononi?"

"Aliwapakata."

"Na huyo yuko wapi?"

Inspekta alimpeleka. Daktari alikuwa nyuma ya gari la polisi, mlango wazi, kichwa chini. Binti alisimama mbele yake, wima, mkoba kifuani. Watumishi walikuwa wamejaa madirishani. Alingoja hadi mtu huyo akainua uso.

"Sema tena kwamba baba yangu ni mwizi," akasema.

Daktari alikirudisha kichwa chini. Binti aliendelea kusimama. Dereva alitazama saa yake, akamtazama Inspekta, na Inspekta akatikisa kichwa: angoje. Mwishowe Daktari alisema, kwa sauti iliyosikika na walio karibu tu, kwamba mzee hakuiba kitu.

"Kwa sauti," akasema Inspekta. "Dirishani hawajasikia."

Akasema tena kwa sauti. Gari likaondoka.

Chumba cha maiti hufunguliwa saa mbili asubuhi. Binti anatakiwa kufika na kitambulisho chake, na jina la baba yake kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa fomu haina nafasi ya jina la utani.